Gauni Lililoota Maua

Ua la tatu lilipoanza kushonwa, hata Baba, mtu ambaye haoni nguo mpaka aikalie, aliweka kikombe chini.

"Mama Kioo," alisema, "hili gauni si lilikuwa halina maua?"

"Mmh."

"Na bibi harusi si alisema hataki hata ua moja?"

"Mmh."

"Sasa haya yanashonwa au yanaota?"

Mkewe hakujibu. Alikuwa na pini mdomoni, na fundi mwenye pini mdomoni ana ruhusa ya kutojibu. Baba akamgeukia binti yake, aliyekaa kwenye kigoda karibu na mlango, mbali na meza, anashona vifungo kwenye kaptula za shule. Binti hakuinua kichwa. Yeye alijua maua yale yanatoka wapi. Yalikuwa yanatoka usoni kwake.

Chumba chao cha mbele ndicho kilichokuwa karakana. Kulikuwa na vyerehani viwili, meza ya kukatia, pasi, na sanamu ya kuvalishia nguo isiyo na kichwa wala mikono. Baba aliiita Mke Mdogo, kwa sababu, alisema, ndiye mwanamke pekee humu ndani anayependeza kila siku na hamjibu mtu. Sasa Mke Mdogo alikuwa amevaa satini nyeupe mpaka chini. Ua la kwanza lilikuwa kiunoni, la pili ubavuni, na hili la tatu lilikuwa linapanda kuelekea kifuani.

Chini ya kila ua palikuwa na doa.

Doa lenyewe halikuwa chafu. Lilikuwa duara la kijivu, limelowa bila maji, kama dirisha dogo kwenye kitambaa. Ukilitazama kwa pembeni unaona mng'aro. Lilikuwa doa la mafuta, na nyumba nzima ilikuwa na mtu mmoja tu wa mafuta.

Tangu alipovunja ungo, uso wa binti ule ulikuwa unang'aa. Anaoga asubuhi, anajifuta, anakaa kwenye cherehani, na kabla chai haijapoa paji la uso limeshawaka, pua imeshawaka, kidevu kinafuata. Baba ndiye aliyemwita Kioo, kwa mapenzi. Watu wengine walilichukua jina na kuyaacha mapenzi. Kuna mteja mmoja aliwahi kumtazama kwa huruma akamwuliza, "Mwanangu, umetoka kukaanga nini?"

"Shikamoo. Sijakaanga kitu. Nimetoka kuoga."

"Marahaba. Sasa ulijifuta na nini, chapati?"

Wakacheka wote. Kioo naye alicheka, maana mtu akikucheka kwenu ukanuna, anacheka tena.

Mama yake mjini walimwita Mkono Safi. Kitambaa cheupe kinawaogopesha mafundi wengi. Kinarudi kina chai, kina grisi ya cherehani, kina alama ya kidole gumba. Kwake hakikurudi na kitu. Alikuwa ananawa mikono kwa sabuni kabla ya kukaa, akitoka kwenda kumwona jirani ananawa, akishika mlango ananawa. Nesi wa zahanati, aliyekuwa anaolewa, hakufikiria mara mbili. Alileta satini yake mwenyewe, imepimwa ikatosha tu bila ziada, na dukani alikoinunua robota lake lilikuwa limekwisha. Satini nyingine zilikuwepo, lakini ile ilikuwa nyeupe ya chaki, na hizo zilikuwa nyeupe ya maziwa. Ukiweka kiraka cha maziwa kwenye chaki, hata kipofu atauliza.

"Nataka gauni wazi," Nesi alikuwa amesema. "Bila shanga, bila maua, bila mbwembwe. Kazini nashinda na watu wenye vidonda. Siku yangu nataka macho yapumzike."

Na sasa macho yalikuwa yamepandiwa bustani.

Mama alizitoa pini mdomoni.

"Nimeongea na shangazi yako," alimwambia Kioo bila kumtazama. "Gauni hili likitoka, unaenda kumsaidia dukani kwake. Anauza vipuri. Huko hata ukilala juu ya mali hakuna atakayejua."

"Mama, mimi sijagusa hilo gauni tangu uliponihamishia hapa."

"Basi limeguswa na Mke Mdogo."

"Kweli tena, mama."

"Kioo, mimi sikuchukii, mwanangu. Lakini ukifuga bata usiseme sebule imeloa kwa umande. Mikono ya gauni umeishona wewe, na umeishona vizuri, sikatai. Tatizo lako si mkono. Tatizo lako ni huo uso."

Hapo lazima ielezwe namna ya kazi ya nyumba ile. Vidole vya fundi ni vibaya kwa hariri na satini. Sindano imevichoma mpaka vimekuwa sugu, havisikii tena. Uzi ukivutika, mshono ukikunjamana kidogo, kidole cha fundi kinapita juu yake kama gari lililobeba mawe. Kwa hiyo Mkono Safi, kama mama yake kabla yake, alikuwa anapima kwa shavu. Anashona kipande, anakiinua, anakipitisha shavuni taratibu, macho amefumba. Shavu linasikia kila kitu. Alimfundisha Kioo hivyo hivyo tangu akiwa mdogo hajafika kwenye kanyagio. Ndiyo maana doa la kwanza lilipoonekana, hakuna aliyeuliza swali.

*

Kioo alikuwa ametangaza vita na uso wake.

Alianza na sabuni ya mche, ile ya kufulia. Akaosha asubuhi, adhuhuri, jioni, na kila alipopita karibu na bomba. Akaongeza dodoki. Akaongeza limau, mpaka machozi yakamtoka. Rafiki yake akamwambia dawa ya meno inakausha. Akalala nayo puani akaamka ananukia kama kinywa cha mtu mwingine.

Uso ukakauka kweli, ukaanza kuchubuka kandokando ya pua na juu ya nyusi. Halafu, juu ya magamba yale yale, mafuta yakarudi. Sasa alikuwa na vitu viwili ambavyo hakujua vinaweza kupanga nyumba moja, ukavu na mafuta, na vyote viwili vilikuwa vinawasha.

Baba, ambaye kazi yake ilikuwa kupaka rangi nyumba za watu, alimkuta bombani akisugua.

"Mwanangu, hapo unaosha au unapiga msasa?"

"Natoa mafuta, baba."

"Mimi ukuta nikiupiga msasa hivyo, mwenye nyumba ananifukuza." Akamwinua kidevu kwa kidole chenye rangi ya bluu. "Hebu pumzisha huo uso. Umekukosea nini?"

"Unanifukuzisha kazi."

Baba alimwachia kidevu. Akajifuta jasho kwenye paji la uso wake mwenyewe, ambalo lilikuwa linang'aa vizuri kabisa, akaondoka.

Hata mafuta ya kupaka Kioo hakuwa nayo tena. Alikuwa na kopo lake la mafuta ya mgando, zawadi ya shangazi, halijafika nusu. Mama alilichukua kabla mambo ya madoa hayajaanza. "Mwenye kisima uani hanunui maji," alisema, akalitia mfukoni mwa aproni. Likaishia hapo.

Jioni moja Kioo alijipaka poda ya mtoto usoni, akitaka angalau asing'ae mbele ya wageni. Akakaa mlangoni na vifungo vyake. Baadaye alipojitazama kwenye kioo kidogo cha ukutani, aliona kitu. Kwenye mashavu poda ilikuwa bado nyeupe. Kwenye pua na paji la uso ilikuwa imebadilika, imekuwa nzito na ya kijivu. Ilikuwa imeyanywa mafuta.

Hakuruka wala hakupiga kelele. Alikuwa mtu wa kutazama kwanza. Alichukua kipande cha satini kwenye kapu la mabaki, kidogo kama kiganja, akakibandika kwenye pua yake na kukikandamiza. Kikatoka na doa. Akalimwagia poda, akalifunika vizuri, akaliacha mpaka nguo zilizokuwa kambani zikakauka. Alipopangusa kwa brashi laini, kitambaa kilikuwa kitambaa. Akakipeleka mwangani, akakigeuza huku na huku. Hakuna kitu.

Lakini kuna jambo lilimsumbua. Lile doa la puani kwake lilikuwa jepesi, limesambaa, halina umbo. Yale ya kwenye gauni aliyaona kabla hayajafunikwa. Yalikuwa mazito na ya duara, na yalikuwa mapana kama shavu la mtu mzima.

*

Kesho yake asubuhi alienda kumwambia mama yake habari ya poda. Alifika kwenye pazia la chumba cha mbele, akasimama.

Mama alikuwa ametoa kopo kwenye aproni. Akachovya kidole, akachota donge la kutosha, akajipaka mashavu yote mawili, polepole, kama mtu anayefurahia kitu kidogo alichokikosa siku nyingi. Ngozi yake ilikuwa imeanza kukauka na umri, na kopo lile lilikuwa linaenda bure, naye hakuwa mtu wa kuacha kitu kiende bure. Halafu akaenda kwenye beseni. Akanawa mikono kwa sabuni, kidole kwa kidole, chini ya kucha, mpaka kwenye kiwiko. Akajifuta kwa taulo safi. Akakaa. Akavuta pindo la gauni, akaliinua, akafumba macho.

Kioo alirudi nyuma mpaka akagonga ndoo.

Baba alikuwa uani anachanganya rangi. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akaanza kucheka. Alicheka bila sauti, mabega yanaruka, mpaka fimbo ya kukorogea ikamponyoka ikazama kwenye ndoo.

"Mkono Safi!" alisema akijifuta machozi. "Mkono safi kweli!"

"Baba, kamwambie."

Kicheko kikakatika kama umeme.

"Nani, mimi?"

"Wewe ni mume wake."

"Ndiyo maana siwezi. Wewe utaolewa utaondoka, mwenzio naishi hapa." Akaitafuta fimbo yake ndani ya rangi. "Mwambie wewe. Kwa upole."

"Nitaanzaje? Mama amesema ni mimi mbele ya shangazi, mbele ya wateja. Nikimwambia ni yeye, atajiona vipi?"

Baba alimtazama binti yake, uso ule uliochubuka, na safari hii hakucheka.

"Na wewe umejiona vipi?" alimwuliza.

Kioo aligusa magamba yaliyokuwa kandokando ya pua. Na hakumwambia mama yake, si siku ile. Kila alipofungua mdomo aliliona beseni, na namna mama alivyokuwa anajisafisha chini ya kucha.

*

Nesi alikuja kabla ya siku aliyoahidi, akiwa bado na sare ya kazini. Mama hakupata hata nafasi ya kumfunika Mke Mdogo kwa shuka.

Bibi harusi alisimama katikati ya chumba, mkoba begani. Alilizunguka gauni mara moja. Kisha akaonyesha kwa kidole, chini kwenda juu.

"Mama, haya yanapanda kwenda wapi?"

"Ni fasheni mpya, mwanangu," alisema Mkono Safi, na sauti yake ilikuwa ndogo. Hakuwa na mazoea ya kusema uongo juu ya kitambaa. "Siku hizi wanaweka vidogo vidogo, upande mmoja…"

"Mimi nilisema wazi."

"Ulisema."

"Nilisema mara ngapi?"

"Ulisema, mwanangu."

Nesi akalishika ua la kiunoni, akalifunua kidogo kwa ukucha. Akaliona doa. Akaenda la pili, akaliona. Nje, Baba alisikika akikwangua ndoo.

"Fundi, niambie ukweli. Kama kitambaa kimeharibika nijue leo, nikaazime gauni la dada yangu, ingawa litanibana nisiweze kula."

Hapo ndipo Mama alipomnyooshea kidole.

"Ni huyu," alisema. "Ni mtoto wangu, siwezi kumtupa. Uso wake unatoa mafuta kama mbegu ya alizeti. Amegusa kabla sijamtoa mezani. Nisamehe mimi, maana mimi ndiye niliyemweka."

"Njoo hapa, mdogo wangu," alisema Nesi.

Kioo alisimama. Kaptula za shule zikamwanguka mapajani. Alitembea kutoka mlangoni mpaka mezani, na chumba kile kidogo kikawa kirefu. Nesi akamgeuza uso kwenye mwanga, akasahau gauni.

"Nani amekukwangua hivi?"

"Mwenyewe, dada. Kwa sabuni ya mche."

"Na?"

"Na dodoki. Na limau."

"Na?"

"…Dawa ya meno."

"Ungemalizia na tindo tu!" Nesi aliketi, akamkalisha mbele yake. "Sikiliza. Hayo mafuta si uchafu. Chini ya ngozi kuna vifuko vidogo vidogo vinavyoyatengeneza, ili ngozi isikauke ikapasuka. Vyako ni vichangamfu, basi. Ni umri, na ni kurithi. Vifuko hivyo havisikii sabuni ya mche hata ukivipigia kelele. Wewe unaumiza ngozi ya juu, vyenyewe huko chini vinaendelea na kazi."

"Kwa hiyo sitapona?"

"Huumwi. Osha asubuhi na jioni, sabuni laini, kwa viganja tu. Paka losheni nyepesi isiyo na mafuta mazito, maana sasa hivi ngozi yako ina kiu. Mchana ukiona unang'aa, bandika karatasi laini, usisugue. Hutayamaliza. Utaishi nayo kwa adabu, kama mpangaji mwenza."

Mezani palikuwa na karatasi ya shashi, ile nyepesi ya kuchorea vipimo. Nesi akachana vipande, akabandika kimoja kwenye pua ya Kioo, kimoja kwenye pua yake mwenyewe. Akaviinua dirishani. Vyote viwili vilikuwa na madoa, cha Kioo zaidi kidogo.

"Umeona? Hata mimi. Baba, njoo!"

Baba, aliyekuwa anachungulia kwenye pazia, alijaribu kujifanya anapita. Walimkamata. Karatasi yake ikatoka kama imechovywa kwenye kikaango.

"Haya, mrithishaji tumempata," alisema Nesi.

"Mimi nilidhani ni rangi," alisema Baba.

Hata Mama alicheka, kwa mara ya kwanza siku ile. "Mimi usihangaike nami. Ngozi yangu kavu kama gome."

Kioo alisema haraka, "Dada, mama muache tu…"

Lakini karatasi ilikuwa imeshafika shavuni. Nesi akaiinua dirishani. Haikuwa na doa. Yote ilikuwa doa. Kupitia kwake waliona wazi mti wa jirani, kamba ya nguo, na mtu anapita barabarani na baiskeli.

Baba alizama kutazama viatu vyake.

"Mama," alisema Nesi taratibu, "haya si ya ngozi. Haya umepaka."

"Nimepaka kidogo tu! Na mikono nanawa, muulizeni yeyote!" Mkono Safi alikuwa amesimama, uso unawaka kwa mafuta na kwa hasira. "Mimi nimeshika hariri tangu sijaolewa. Sijawahi kuacha alama. Kitambaa nakishika kwa ncha za vidole, nakipima hivi…"

Akavuta pindo la gauni, akaliinua, akafumba macho.

"Mama!" walisema wote watatu.

Kiganja cha Kioo kilikuwa kimetangulia. Kilikaa kati ya satini na shavu la mama yake, kimebanwa pande zote mbili. Mama alifumbua macho. Alikiona kiganja kwanza, halafu satini nyuma yake, halafu uso wa binti, uliokuwa unamtazama bila kushangaa hata kidogo.

Akaliachia pindo polepole.

Kioo alifungua mkono. Kiganja kilikuwa kinang'aa.

"Ulikuwa unajua," alisema Mama.

"Ndiyo, mama."

"Tangu lini?"

"Si muda mrefu."

"Na hukusema."

Kioo aliangalia sakafu. "Nilikuwa natafuta pa kuanzia."

Mkono Safi alikaa juu ya kigoda cha vifungo, kile cha mlangoni, maana ndicho kilichokuwa karibu. Alilitoa kopo kwenye aproni, akalitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

"Madoa yanatoka," alisema Kioo, na kabla hajaulizwa alishakimbilia kapu lake. Akaleta kile kipande cha satini na poda. Akaeleza namna poda inavyoyanywa mafuta, jinsi ya kuifunika, kuiacha, kuipangusa, kurudia. Nesi alikigeuza kipande mwangani, akakigeuza tena, akatafuta doa mpaka akachoka.

"Na matundu ya nyuzi za maua?"

"Nimeyashikiza kwa nyuzi moja moja tu," alisema Mama kutoka kule chini mlangoni. "Mvuke wa pasi utayafunga."

"Basi nani ataifanya kazi hii?" aliuliza Nesi.

Swali lilikuwa la kawaida tu, lakini Baba aliacha kutazama viatu. Mama alinyoosha mkono, akaokota kaptula ya shule iliyokuwa imeanguka, akatafuta kifungo, akatafuta sindano.

"Si huyo hapo mezani," alisema. "Mimi leo sikisogelei kitu cheupe. Baba Kioo, nenda kamwambie dada yako vipuri vyake avilinde mwenyewe."

*

Gauni lilitoka wazi kama lilivyotakiwa. Maua matatu yalibaki nyumbani. Baba alilichukua moja akalibandika kwenye kofia yake ya kupakia rangi, na alipoulizwa na mafundi wenzake alisema ni fasheni mpya.

Uso wa Kioo uliacha kuchubuka. Kung'aa haukuacha. Ukizidi, anachana kipande cha shashi, anakibandika puani, anaendelea na kazi, na wateja wanaoleta maneno anawapa kipande nao wajaribu. Siku hizi wanaleta maneno machache.

Asubuhi moja mteja mwingine alileta hariri nyeupe. Mkono Safi alinawa mikono. Akasita, akanawa na uso pia, akajifuta. Akakaa, akashona mshono wa kwanza, akainua kitambaa kwa mazoea, kikafika karibu na shavu, kikasimama hewani. Nesi alikuwa amewaambia kwamba ndani ya kifundo cha mkono ngozi ni laini na mafuta yake ni haba. Akajaribu hapo. Lakini miaka mingi ya kubeba pasi na kukaza mikasi ilikuwa imepita pia pale, na hakusikia vizuri.

Akajaribu tena. Kisha akakohoa, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani aliyegombana naye.

"Kioo."

"Abee, mama."

"Hebu njoo. Lete mkono wako."